Kunomalisha si Kusanifisha: Historia ya Majedwali na Vichwa vya Makundi katika Kamusi za Kiswahili

1. Utangulizi

Kila anayetunga kamusi, daftari la sensa au rejista ya wafanyakazi hukabiliwa na kazi mbili ambazo kwa muda mrefu zimedhaniwa kuwa kazi moja. Ya kwanza ni kuhifadhi, yaani kuiandika kila habari mahali pake ili isipotee wala isipingane na nyingine. Ya pili ni kuonyesha, yaani kuipanga habari hiyo mbele ya msomaji chini ya vichwa vitakavyomwezesha kuipata. Katika karatasi kazi hizo hufanywa kwa tendo moja: pale neno lilipoandikwa ndipo linapoonekana, na kichwa lililowekwa chini yake ndicho kichwa chake cha siku zote.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kazi hizo mbili zilivyokuja kutenganishwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa kutokana na kazi ya Edgar F. Codd kuhusu majedwali ya hifadhidata. Kisha tutaonyesha faida ya utenganisho huo kwa wale wanaokusanya msamiati wa Kiswahili nje ya pwani, hususan katika Kongo. Hoja yetu ni kwamba kunomalisha majedwali si sawa na kusanifisha lugha. Usanifishaji huchagua umbo moja na kuyaweka mengine chini yake. Unomalishaji humpa kila mmoja mahali pake pamoja, na kuacha swali la nani awe kichwa lijibiwe na yule anayesoma.

2. Karatasi na kichwa kimoja

Historia ya kamusi za Kiswahili inatoa mfano ulio wazi. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilitolewa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake mwaka 1881, nayo ilitegemea hasa Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1903 A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiswahili-Kiingereza iliyoegemea usemi wa Unguja. Mnamo mwaka 1939 zilianza kutoka kazi mbili kubwa: kamusi sanifu ya Frederick Johnson, iliyoendeleza ile ya Madan, na kamusi ya Kiswahili-Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, iliyochapishwa Paris.

Waandishi hao wote walikutana na swali lile lile. Kitenzi *andika* huzaa *andikia*, *andikwa*, *andikisha* na *andikiana*. Huzaa pia *mwandishi*, *maandishi*, *mwandiko* na *uandishi*. Je, jamaa hao wote waishi katika nyumba moja chini ya kitenzi, au kila mmoja akae mahali anapopelekwa na herufi yake ya kwanza? Mpango wa kwanza humfundisha msomaji undugu wa maneno, lakini humficha mwandishi asionekane na anayemtafuta katika herufi M. Mpango wa pili humwonyesha mwandishi mara moja, lakini huwatawanya ndugu zake katika kurasa zilizo mbali.

Johnson alikusanya nomino nyingi zilizotokana na vitenzi chini ya vitenzi hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizirudisha nomino katika mahali pake pa alfabeti, ikaacha minyambuliko ya kitenzi chini ya kitenzi. Hakuna kati ya mipango hiyo iliyo kosa. Kila mmoja unajibu swali la msomaji fulani na kumnyima mwingine jibu. Mwanafunzi wa mofolojia anafurahia wa kwanza. Mfasiri aliye na haraka anafurahia wa pili.

Tatizo huzidi kwa maneno ya mkopo. *Kitabu*, *katibu*, *maktaba* na *mkutubi* yote yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti k-t-b. Kwa mwanahistoria wa lugha hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Lakini msemaji wa Kiswahili amekwisha kuifanya *ki-* ya *kitabu* kuwa kiambishi cha ngeli, ndiyo maana husema *vitabu*. Kwake yeye *kitabu* ni jirani wa *kiti* na *kisu*, wala si ndugu wa *katibu*. Kurasa za karatasi hazina nafasi ya kuheshimu ukweli hizo mbili kwa usawa. Moja itakuwa kichwa, nyingine itakuwa maelezo mafupi pembeni.

Ndivyo ilivyo pia kwa lahaja. Sacleux aliandika maneno ya lahaja nyingi, akayawekea alama za kuonyesha yanakotoka. Alama hizo ni hazina kwetu hadi leo. Hata hivyo, anayetaka kuona maneno ya lahaja moja tu, yote kwa pamoja, hana budi kuipitia kamusi nzima ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa lahaja imeandikwa kama maelezo ya neno na si kama mlango wa kuingilia.

3. Kutoka kadi hadi mti

Hatua ya kwanza ya kufungua kifungo hiki ilifanywa na watu wa takwimu. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, iliyohesabu watu wapatao milioni 63, Herman Hollerith alitumia kadi zenye matundu: kila mtu kadi yake, na kila tundu habari moja juu yake, kama vile umri, jinsia au mahali alipozaliwa. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1896 iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na tangu mwaka 1924 muungano huo unajulikana kwa jina la IBM.

Ubora wa kadi haukuwa katika mwendo wa mashine peke yake. Kadi zile zile ziliweza kupangwa upya. Zilipokwisha kuhesabiwa kwa umri, zingeweza kupangwa tena kwa mahali pa kuzaliwa, bila mtu yeyote kuandikwa mara ya pili. Habari ilihifadhiwa mara moja na kuonyeshwa mara nyingi. Lakini kadi bado ni kitu cha mkononi. Kadi moja haiwezi kulala katika visanduku viwili kwa wakati mmoja, na kila swali jipya lilidai mafungu yote yapangwe upya.

Kompyuta zilipoingia katika ofisi na viwanda, katika miaka ya 1950 na 1960, wahandisi walijaribu kuondoa kazi hiyo ya kupanga kwa kuweka viunganishi kati ya rekodi ndani ya mashine. Mfumo wa IMS, ambao IBM iliujenga katika miaka ya 1960 pamoja na kampuni za Rockwell na Caterpillar, ulikusudiwa kutunza orodha ya vipande vya chombo cha safari ya mwezini katika mpango wa Apollo. Mfumo huo ulipanga habari kama mti: kila rekodi ilikuwa na mzazi mmoja, na chini yake watoto. Aliyeuliza chombo fulani kimeundwa kwa vipande vipi alijibiwa upesi, kwa kuwa ndivyo mti ulivyopandwa. Aliyeuliza kinyume chake, yaani kipande fulani kinatumika katika vyombo vipi, ilimbidi apande na kushuka matawi yote.

Msomaji atatambua hapo mpango wa kamusi yenye kuweka kila neno chini ya mzizi wake. Anayeujua mzizi atafika. Anayelijua tawi peke yake atapotea.

Charles Bachman, wa kampuni ya General Electric, alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfumo wenye viunganishi vingi zaidi, ambamo rekodi moja iliweza kuwa chini ya wazazi kadhaa. Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1973, na katika hotuba yake ya tuzo alimfananisha mwandishi wa programu na baharia anayeongoza chombo kati ya rekodi. Tashibihi hiyo inaeleza nguvu ya mfumo wake na udhaifu wake pia: asiyejua njia za bahari hiyo hakufika bandarini.

4. Codd na umbo la kawaida

Edgar Frank Codd alizaliwa Uingereza mwaka 1923, katika kisiwa cha Portland. Alisoma hisabati na kemia Oxford, akawa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akahamia Amerika na kuajiriwa na IBM. Mwezi wa Juni mwaka 1970, akiwa katika maabara ya IBM ya San Jose, California, alichapisha makala juu ya mfumo wa habari uliojengwa juu ya nadharia ya uhusiano ya wanahisabati. Aliyafungua kwa dai kwamba watumiaji wa hazina kubwa za habari hawapaswi kulazimika kujua jinsi habari zilivyopangwa ndani ya mashine. Katika dai hilo kuhifadhi na kuonyesha vilianza kutengana rasmi.

Mfano alioutumia unastahili kuelezwa, hasa mbele ya wasomaji wa Katanga. Ni rekodi ya mfanyakazi: namba yake, jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, ndani yake historia ya kazi zake, ndani ya kila kazi historia ya mishahara, na pembeni orodha ya watoto wake. Katika rekodi ya namna hiyo mtoto hana mahali ila ndani ya baba. Nchi hii iliwahi kuona mpango kama huo ukiishi katika mitaa na si katika mashine tu: katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, nyumba ya familia na posho ya mke na watoto vilifuata kazi ya baba. Kazi ikiisha, nyumba nayo iliisha.

Codd aliivunja rekodi hiyo katika majedwali manne: wafanyakazi, kazi zao, mishahara yao na watoto wao. Katika kila jedwali aliirudia namba ya mfanyakazi, ambayo ndiyo *ufunguo* wa kuyaunganisha tena. Mtoto akapata mstari wake mwenyewe. Uhusiano wake na baba haukufutwa, bali uliandikwa kama habari, badala ya kuwa chumba alichofungiwa. Kazi hiyo ya kulirudisha jedwali katika umbo la kawaida ndiyo tunayoiita hapa *unomalishaji*.

Hatua ya kwanza, iitwayo umbo-kawaida la kwanza, inadai kwamba kila chumba cha jedwali kiwe na kitu kimoja tu na si orodha. Mwaka 1971 Codd aliongeza umbo la pili na la tatu. Mwaka 1974 alishirikiana na Raymond Boyce kutoa umbo lililo kali zaidi, lenye majina ya wote wawili, na mwaka 1977 Ronald Fagin aliongeza la nne. Mwaka 1974 pia, katika mkutano wa Ann Arbor, Michigan, wafuasi wa Codd na wafuasi wa Bachman walijadiliana hadharani kuhusu njia iliyo bora. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki mwaka 2003. Kufikia wakati huo majedwali ya namna yake yalikuwa yamekwisha kuenea katika benki, mashirika ya ndege na vyuo vikuu duniani kote.

5. Jedwali la maneno

Tuitumie nadharia hiyo kwa kazi inayotuhusu. Tuseme mkusanyaji anaorodhesha majina ya vyakula. Katika mstari mmoja anaandika dhana, yaani chakula cha unga uliosongwa kwa maji ya moto. Mbele yake, katika chumba kimoja, anaandika *ugali, sima, bukari, bugali*. Chumba hicho kina maneno manne, kwa hiyo jedwali halijafikia umbo la kwanza. Ukiiuliza mashine neno *bukari* linatumika wapi, haliwezi kupatikana peke yake, maana limefungwa pamoja na wenzake. Na kwa kuwa *ugali* limetangulia, msomaji atadhani kwamba ndilo neno lenyewe na mengine ni vivuli vyake. Dawa ni kulipa kila neno mstari wake.

Sasa jedwali lina mistari mingi, na ufunguo wake ni neno pamoja na mahali: *bukari* na Lubumbashi, *bugali* na Bukavu, *sima* na Mombasa. Mkusanyaji anaongeza safu ya kuonyesha nchi. Lakini nchi haitegemei ufunguo wote. Inategemea mahali peke yake. Lubumbashi imo Kongo, neno liwe *bukari* au *sombe*. Akiiandika nchi katika kila mstari ataiandika mara elfu, na siku moja ataiandika vibaya mara moja, ndipo mji mmoja utakuwa katika nchi mbili. Umbo la pili linamwamuru awe na jedwali la mahali, ambamo nchi ya kila mji imeandikwa mara moja tu.

Umbo la tatu linagusa sarufi yenyewe. Tangu Wilhelm Bleek alipozipa ngeli namba katika sarufi-linganishi yake, ambayo sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1862, wataalamu wa lugha za Kibantu wamezoea kusema kwamba nomino fulani ni ya ngeli ya 7 katika umoja na ya 8 katika wingi. Mkusanyaji anaandika mbele ya *kitabu* namba ya ngeli, na baada yake kiambishi cha wingi, *vi-*. Afanya hivyo kwa *kiti*, *kisu* na *kikapu*. Lakini kiambishi hicho hakitokani na neno *kitabu*. Kinatokana na ngeli, nayo ngeli ndiyo inayotokana na neno. Habari inayopitia kwa mjumbe namna hii haina budi kuhamia kwa mjumbe mwenyewe.

Hapo faida ya Kongo inaonekana. Katika usemi wa Lubumbashi na wa miji mingi ya mashariki ya Kongo, wingi wa *kitabu* ni *bitabu*, na wingi wa *mutoto* ni *batoto*. Katika orodha ya kawaida mkusanyaji angelazimika kuandika *bitabu* pembeni ya *vitabu*, *bisu* pembeni ya *visu*, na kadhalika kwa mamia ya maneno. Msomaji angeona mamia ya tofauti ndogondogo, zinazofanana na mamia ya makosa. Katika majedwali yaliyonomalishwa kuna mstari mmoja tu: ngeli ya 8, Unguja, *vi-*, na mwingine mmoja: ngeli ya 8, Lubumbashi, *bi-*. Kilichoonekana kuwa makosa mengi ya watu wasiojua kimedhihirika kuwa kanuni moja ya watu wanaojua lugha yao.

6. Kuonyesha chini ya vichwa

Majedwali hayo, yakiachwa yalivyo, hayasomeki kwa urahisi. Ni mistari ya namba zinazoelekezana. Ndipo inapokuja kazi ya pili, ya kuonyesha rekodi chini ya vichwa vya makundi.

Ufundi wake ni wa zamani kuliko kompyuta. Mashine za kadi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 ziliweza kulinganisha namba ya kundi iliyo katika kadi inayopita na ile ya kadi iliyotangulia. Namba ilipobadilika, mashine ilijua kwamba kundi limekwisha, ikatoa jumla ndogo na kuanza kundi lingine. Lugha za kuandikia programu, kama RPG ya mwaka 1959 na baadaye COBOL, zilirithi desturi hiyo. Programu ya leo hufanya vivyo hivyo: hukumbuka kichwa cha mwisho ilichokichapa, ikisoma rekodi mpya hulinganisha, kichwa kikiwa kile kile huandika rekodi peke yake, na kikiwa kimebadilika hutangulia kuandika kichwa kipya.

Ufundi huo una sharti moja, nalo ni kwamba rekodi ziwe zimekwisha kupangwa kwa kile kitakachokuwa kichwa. Zisipopangwa, kichwa cha Lubumbashi kitachapwa, kisha cha Mombasa, kisha cha Lubumbashi tena, kana kwamba kuna miji miwili yenye jina moja. Yafaa pia kutofautisha kupanga na kukunja. Lugha ya SQL, ambayo msingi wake uliwekwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974, ina amri ya kukunja kundi zima liwe mstari mmoja, na amri nyingine ya kupanga mistari bila kuikunja. Ya kwanza hujibu swali la idadi: kuna maneno mangapi yenye asili ya Kiarabu? Ya pili ndiyo inayohitajika na mwandishi wa kamusi, kwa kuwa yeye hataki hesabu ya maneno bali maneno yenyewe, yamekusanyika chini ya kichwa chao.

Kutokana na majedwali yale yale, mhariri sasa anaweza kuchapa vitabu kadhaa. Akipanga kwa mzizi, atapata kamusi ya undugu, ambamo *mwandishi* yuko nyumbani kwa *andika*, na *kitabu* kiko pamoja na *katibu* na *maktaba*. Akipanga kwa alfabeti, atapata kamusi ya mfasiri. Akipanga kwa ngeli, atapata zana ya mwalimu wa sarufi. Akipanga kwa mahali, atapata kitabu cha Lubumbashi ambamo *bukari* na *sombe* ni vichwa, nayo maneno *ugali* na *kisamvu* yameelezwa chini yake kuwa ndivyo wasemavyo Tanzania. Hakuna neno lililoandikwa mara mbili katika hazina, wala hakuna neno lililokuwa mgeni wa kudumu katika ukurasa wa mwingine.

7. Kunomalisha si kusanifisha

Maneno haya mawili yanakaribiana kwa maana ya juu juu, kwa sababu yote yanaahidi utaratibu. Historia yake haifanani.

Usanifishaji wa Kiswahili ulipitia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambako Kiunguja kilipendekezwa kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Maeneo yake yalikuwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kazi hiyo ilileta manufaa ambayo hakuna mwenye akili atakayeyakana: vitabu vya shule vilivyoeleweka kutoka Lamu hadi Ujiji, na tahajia moja ambayo sisi pia tunaitumia katika kurasa hizi. Lakini asili ya kusanifisha ni kuchagua. Lililochaguliwa huwa kichwa. Lisilochaguliwa hupewa alama ya lahaja au huachwa nje. Kiswahili cha Kongo, ambacho leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006 pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba, mara nyingi kimeingia katika maandishi ya wataalamu kupitia mlango huo wa nyuma, kikipimwa kwa umbali wake kutoka Unguja.

Unomalishaji haudai kuchagua. Unadai tu kwamba kila habari iandikwe mara moja, mahali pake, na kwamba uhusiano wake na nyingine uandikwe waziwazi. Anayetaka kuchapa kamusi sanifu anaweza, kwa kupanga na kuchuja. Anayetaka kuchapa kamusi ya Bukavu anaweza vilevile, kutoka katika hazina ile ile. Usanifu unabaki kuwa namna mojawapo ya kuonyesha, yenye heshima yake na mahali pake shuleni, lakini haumeguki tena msingi wa hazina kwa ajili yake.

Hata hivyo, tusiupe ufundi huu sifa usiyostahili. Tulisema kwamba *ugali* na *bukari* ni maneno ya dhana moja. Ni nani aliyeamua hivyo? Mpishi wa Lubumbashi anaweza kujibu kwamba bukari huchanganywa unga wa muhogo mara nyingi, na kwamba chakula chake si kile cha Dodoma. Kabla ya jedwali la kwanza kuchorwa, mtu amekwisha kuamua kitu gani ni kimoja na kitu gani ni viwili. Hapo kichwa kilichofukuzwa mlangoni kinarudi kupitia dirishani: hakiitwi tena kichwa bali dhana, wala hakionekani katika ukurasa, na kwa sababu hiyo ni kigumu zaidi kukipinga.

Pingamizi hilo ni la kweli, wala hakuna umbo-kawaida litakaloliondoa, kwa kuwa Codd alishughulika na kupatana kwa habari zilizokwisha kukubaliwa, si na haki ya kuzikubali. Linaloweza kufanywa ni kuitendea hukumu hiyo kama habari nyingine yoyote. Usawa wa *bukari* na *ugali* usijengwe ndani ya muundo wa jedwali. Uandikwe katika jedwali lake, mstari wake, pamoja na jina la aliyeuthibitisha, mahali na mwaka. Atakayepinga hatalazimika kubomoa kamusi. Ataongeza mstari wake, na hukumu mbili zitasomwa pamoja hadi uchunguzi utakapoamua.

Gharama nazo zipo. Majedwali mengi yanadai kuunganishwa kila yanaposomwa, na kazi hiyo inahitaji mashine, umeme na mtu mwenye ujuzi. Pale ambapo umeme hauna hakika, kitabu kilichochapwa kitabaki kuwa rafiki aliye mwaminifu zaidi. Ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba kuonyesha si kazi ndogo. Hazina iliyonomalishwa vizuri lakini isiyochapwa kamwe chini ya vichwa vinavyosomeka haimfai mwanafunzi wala mwalimu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kamusi za karatasi zililazimika kumpa kila neno kichwa kimoja. Kwamba kadi za Hollerith ziliruhusu kupanga upya bila kuandika upya. Kwamba mifumo ya mti ilirudisha kifungo cha mzazi mmoja. Na kwamba kazi ya Codd ya mwaka 1970 na ile ya miaka iliyofuata ilitenga kuhifadhi na kuonyesha kwa msingi wa hisabati.

Kwa idara za lugha katika vyuo vyetu, funzo linatangulia kompyuta. Mwanafunzi anayekusanya msamiati wa wachimbaji, wa wauzaji sokoni au wa watengeneza magari kwa ajili ya tasnifu yake huupanga chini ya vichwa vya hoja yake, na hivyo ndivyo inavyopasa kwa tasnifu. Lakini kama vichwa hivyo ndiyo mahali pekee ambapo maneno yameandikwa, orodha yake haitaunganika na ya mwenzake aliyechunguza mtaa wa pili. Aanze basi kwa mistari iliyo wazi, hata katika daftari la kawaida: neno, mahali, mwaka, msemaji wa namna gani, maana, ngeli, na sentensi iliyosikika. Jambo moja katika chumba kimoja, na kila jambo mara moja. Vichwa vitafuata, na vitakuwa vingi kadiri ya maswali.

Kiswahili kinachosemwa kuanzia Kisangani hadi Kipushi kimengoja muda mrefu kuandikwa kwa namna ambayo hakilazimiki kukaa chini ya jina la mwingine. Zana za kufanya hivyo zimekuwapo tangu mwaka 1970. Kinachohitajika ni watu watakaokubali kuandika kwa subira, mstari kwa mstari, kabla ya kubishana juu ya kichwa.